Shangazi Aliyeomba Kuuawa

Saa nne asubuhi, Machi 1968, Verna Pruitt aliingia studio mjini New York akiwa amekwisha kujipodoa. Katika mchezo wa televisheni wa jumba lenye mizuka aliigiza shangazi, na tangu Krismasi hakuwa amepewa hata neno moja la kusema.

“Basi niue,” alimwambia Desmond, mwandishi wa mchezo. Katika mchezo ule waliokufa walirudi wakiwa mizuka, na mizuka ndiyo iliyopata kazi.

“Bi Verna, makaburi yamejaa! Foleni ya wanaotaka kufa imefika barabarani.”

“Nitapanga foleni.”

Alasiri kamera ziliwashwa. Mwigizaji wa kijakazi alimimina chai, akasema, “Shangazi amehamia Boston.”

Kutoka Boston hakuwahi kurudi mhusika hata mmoja. Nyuma ya pazia, Verna akaanza kufuta poda usoni.