Kunyamaza ni Kukubali

Mama alimwita shemeji yangu Mkwe wa Waya. Shemeji, mume wa dada yangu, alifanya kazi kitengo cha kompyuta katika hospitali ileile aliyolazwa mama, na kila alipopita kumjulia hali, mama alimuuliza kama waya zake zimekula. Naye alimjibu kwamba zimeshiba, mwenye njaa ni mama mkwe anayerudisha uji. Mama alicheka mpaka akakohoa.

Daktari alitueleza wazi. Kidonda cha mguu kilikuwa kimeingiza vijidudu kwenye damu, na kwa kuwa figo zake zilikuwa dhaifu hakuweza kumpa dawa kali kwa kubahatisha. Majibu ya maabara ndiyo yangesema dawa ipi inafaa. Tukayasubiri.

Siku yake ilipofika hayakuonekana. Nesi alifungua kompyuta mbele yangu, jina la mama lipo, chini yake patupu. Nikashuka maabara. Mtaalamu wa pale alinionyesha kwenye kioo cha kompyuta yake neno “yametumwa”. Nikamwomba karatasi. Akasema karatasi zilikatazwa tangu majibu ya mgonjwa mmoja yalipopewa mwingine, na kumsomea ndugu kwa mdomo ndiyo kabisa. Hakuwa mkali. Alinipa pole, nikapanda ngazi mikono mitupu.

Nesi alipiga simu dawati la msaada, ambako matatizo ya kompyuta hupokelewa na kupewa namba. Binti wa simu aliandika kwamba kompyuta ya wodi haionyeshi majibu. Fundi akaja upesi, akaizima, akaiwasha, akafungua majibu ya mgonjwa wa jengo la zamani, yakatokea. “Inafanya kazi, sista,” alisema, akaenda. Nesi wakati huo alikuwa ameitwa kwa mgonjwa aliyeshindwa kupumua.

Baadaye mtambo ulimtumia nesi ujumbe kumuuliza kama tatizo limekwisha. Pale kwao kunyamaza ni kukubali. Asiyejibu huhesabiwa ameridhika. Nesi alikuwa amemaliza zamu, amelala. Ombi lake likajifunga lenyewe.

Asubuhi nesi mwingine akaripoti tena. Kwa kuwa la kwanza limefungwa, hili lilihesabiwa jipya, likapelekwa mkiani mwa foleni. Mama alikuwa ameacha utani. Aliniita kwa jina la marehemu dada yake, akataka nimfungulie mlango.

Nikamfuata shemeji. Yeye kazi yake ilikuwa kupanga mitambo mipya, si kutengeneza, na alidhani majibu yameshafika. Akasoma kompyuta yake.

“Nani kafunga hili?”

Nikamwambia mimi mshona nguo, shemeji, vya kufunga ninavyovijua ni vifungo. Hakucheka. Aliinuka, nami nyuma yake, tukapita meza moja baada ya nyingine.

Binti wa simu hakujua. Fundi hakujua. Meza ya mwisho ilikuwa ya bwana anayeshughulikia mabadiliko ya mitambo. Huyo alijua. Walikuwa wamebadilisha namba za vitanda vya jengo jipya, alimolazwa mama. Wodini zimebadilika, maabara bado. Majibu ya mama yalikuwa yakitumwa kwenye kitanda ambacho hakipo tena.

“Mlimwambia nani?” shemeji aliuliza.

“Tulilisema kwenye kikao chetu.”

Kati ya meza yake na ya binti wa simu palikuwa na kabati tu. Fundi akasema yeye alikwenda kwa wakati.

“Najua ulikwenda,” shemeji alisema taratibu. “Huyu kateka maji, wewe umewasha moto, yule kachambua mchele. Nani kainjika sufuria?”

Bwana wa mabadiliko aligeukia kompyuta yake, akaanza kurekebisha.

Majibu yalifunguka alasiri ile. Dawa ilikuwamo kabatini mwa wodi siku zote. Daktari aliitundika mwenyewe, akasema angependa tungeanza mapema, na alilisema kwa huruma. Mama alifariki kabla chupa ya pili haijaisha.

Tulipomaliza kuzika, shemeji aliomba kikao. Jioni alitusimulia akiwa hajavua viatu. Mkuu wa kitengo alitoa pole ya msiba, kisha akasoma taarifa: simu ilipokelewa kwa wakati, fundi alifika kwa wakati, mabadiliko yalifanyika kwa wakati, ombi lilifungwa kwa wakati. Kila mstari ulikuwa wa kijani, rangi ya kazi iliyotimia. Shemeji alipendekeza awepo mtu mmoja wa kulifuata ombi mpaka majibu yamfikie mgonjwa. Wakamwambia ni wazo zuri, litatazamwa mwakani.

Dada alimuuliza tumlaumu nani. Akasema hata yeye hajui.

Nami nimetafuta. Nimewapitia moyoni mmoja mmoja, nikitaka nimwone mwovu walau mmoja nimkasirikie, nimekuta watu waliofanya kazi waliyopewa.

Juzi nilimuuliza shemeji kuhusu zile namba. Alisugua goti kwanza. Kisha akaniambia ombi letu lilitaja kitanda kimoja, na kilichorekebishwa ni kitanda kimoja. Vingine vya jengo jipya kila kimoja kinahitaji ombi lake, nalo sharti liletwe na nesi wake. Yeye mwenyewe amewaandikia kwa niaba ya vyote. Walimjibu kwa adabu kwamba si utaratibu.

“Wagonjwa wamo?” nikamuuliza.

“Wamejaa, shemeji.”