Kimepimwa Nini?

Ofisini walimwita Sumaku, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya bidhaa kwenye tovuti ya duka moja kubwa la vyombo vya nyumbani, na kila alichokiandikia kilivuta wateja kama nini sijui. Kulikuwa na mafagio yamelala ghalani mpaka yenyewe yanahitaji kufagiliwa. Sumaku akayaandikia mistari mitatu, yakaisha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuwahi kukutana na mwanamke huyu, ambaye kibaya chake hakikuhitaji hata kutembea, kilifuatwa nyumbani na kuposwa.

Basi asubuhi moja anakunywa chai yake, hana hili wala lile, akafungua maswali ya wateja. Lilikuwepo moja tu, chini ya picha ya king'ora cha gesi, kile kidude cheupe cha kubandika ukutani jikoni ambacho kinatakiwa kupiga kelele gesi ya kupikia ikivuja. Aliyeuliza alijitambulisha kuwa mwalimu mstaafu. Hakusalimia wala nini. Aliandika: "Mmesema kimepimwa maabara. Kimepimwa nini?"

Sumaku alicheka kwanza. Wazee wengine bwana, wakistaafu wanabaki kuisahihisha dunia. Akaanza kujibu kwamba, mpendwa mteja, kidude hiki kimepimwa na wataalamu, halafu vidole vikasita. Wataalamu gani? Akaurudia ujumbe wa muagizaji, yule bwana anayewaletea vidude hivyo kutoka nje, akausoma upya kuanzia juu. Ulisema "vimepimwa maabara", basi. Mengine yote, usalama uliothibitishwa, lala usingizi sisi tuko macho, aliyatia mwenyewe, kama mpishi anayeongeza chumvi bila kuonja. Kijasho kikaanza kumtoka.

Hakuwa anamwogopa mwalimu. Alikuwa anamuwaza wifi yake.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa hasikii harufu tangu mafua makali ya mwaka uliopita. Pua ilikufa kabisa. Samaki aoze, maziwa yaungue, yeye hana habari. Mume wake anafanya kazi mbali, hivyo anashinda na mtoto wake anayetambaa katika nyumba ya vyumba viwili, jiko la gesi upande huu, kitanda upande ule, kati yao pazia. Alipokiona king'ora kwenye tovuti alikinunua siku hiyohiyo, akampigia Sumaku kumtania kwamba, wewe mwanamke utakuja kuniuzia kivuli changu mwenyewe, lakini hiki nimekinunua kwa moyo mweupe, kwa sababu maneno nayajua ni yako. Sumaku akashinda anatabasamu. Alijiona mtu mkubwa, masikini.

Akampigia muagizaji. Bwana yule alikuwa mchangamfu, akauliza hali ya watoto, akauliza hali ya soko. Sumaku akamuuliza ile maabara ilipima nini hasa.

"Uzito, dada," akasema. "Mzani wetu uliharibika, na wasafirishaji wanataka uzito kamili. Hapo jirani pana maabara, mzani wao hata unyoya unausoma. Wakatupimia."

"Na gesi?"

"Gesi gani?"

Jamani, lugha yetu hii! Mchele unapimwa, damu inapimwa, viwanja vinapimwa, hata mtu akitaka kujua kama una akili anakupima. Muagizaji hakudanganya hata kidogo. Aliyesoma "vimepimwa" akaandika usalama alikuwa amekaa kwenye kiti cha Sumaku, amevaa viatu vya Sumaku. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Alikwenda kwa meneja mbio, akamweleza yote, akaomba kidude kiondolewe kwenye tovuti saa hiyohiyo. Meneja alimsikiliza huku anachezea simu. Akasema haoni uongo uko wapi. Kimepimwa au hakikupimwa? Kimepimwa. Ofa inaisha Jumapili, baada ya hapo wataangalia. Sumaku akauliza, na wale wateja waliokipa nyota tano kwenye tovuti na kusema kimewaokoa, ni akina nani? Meneja akakohoa kidogo, akasema vijana wa ghalani walisaidia, na kila duka linafanya hivyo, asijifanye mgeni mjini. Akamshauri anywe maji.

Maji hayakunyweka. Alirudi mezani, akampigia wifi, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena. Atakuwa anaanika nguo, alijiambia. Atakuwa anaoga. Mtoto atakuwa ameisukumia simu chini ya kitanda. Kila sababu aliyoitunga ilikuwa nzuri, maana kutunga ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha, na hakuiamini hata moja. Akalifungua lile swali la mwalimu, pale hadharani ambapo kila mteja anaona, akajibu: "Kimepimwa uzito tu. Msikinunue, na kama mnacho msikitegemee." Akabonyeza tuma, akachukua mkoba, akatoka bila kuaga. Kazi ilikuwa imeota mbawa na alijua.

Alipanda pikipiki ya kwanza aliyoiona, akamwambia dereva akimbize. Dereva akauliza kama kuna mgonjwa. Sumaku akasema hajui, kimbiza tu. Kila dirisha la jiko alilopita lilimtia hofu, akijiuliza kama ndani yake kimebandikwa kile kidude, na kama mama wa humo naye amelala usingizi kama alivyoambiwa. Akazidi kushika chuma cha nyuma.

Wifi alifungua mlango mwenyewe, mtoto kiunoni, mzima wa afya. Sumaku alitaka kulia kwa furaha. Kabla hajamkumbatia, harufu ikampiga usoni. Gesi, ile harufu nzito ya kitu kilichooza, imejaa mpaka mlangoni.

Wifi alikuwa ameshageuka anarudi jikoni, anaongea peke yake kwa raha: simu aliiacha kwenye chaji chumbani, sauti aliizima mtoto alipolala, na afadhali mgeni amekuja maana ndiyo kwanza anataka kubandika chai. Kiberiti kilikuwa mkononi mwake.

"Wifi, usiwashe. Weka hicho kiberiti chini."

Alisimama. Akatazama ukutani juu ya jiko, pale kilipo king'ora, taa yake ya kijani inawaka bila wasiwasi wowote.

"Mbona hakijalia?"

"Kibovu. Gesi inavuja, wifi, naisikia mpaka machoni. Mtoe mtoto nje."

Hakutoka. Na hapa msimlaumu. Jifanye wewe ndiye huna pua. Mbele yako ipo mashine yenye nyota tano, iliyopimwa maabara, na yupo wifi yako anahema kama aliyefukuzwa na mbwa, aliyeingia bila hata salamu, anakuambia mashine aliyoisifu kwa mkono wake mwenyewe haifai. Wifi alisema taratibu, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

"Uliandika nilale usingizi, nikalala. Leo unaniambia nisiwashe chai. Nishike lipi?"

Sumaku akafungua mdomo. Niamini, alitaka kusema. Hakika. Naapa. Lakini hakuna neno la namna hiyo ambalo hakuwa amelitumia kwenye tovuti kuuzia sufuria, na lilipofika ulimini aliona haya. Alifungua dirisha lililokuwa limefungwa, akafungua na mlango wa nyuma. Mkono ulitaka kukimbilia koki ya mtungi, akauzuia. Akifunga tu, wifi ataifungua tena yeye akishaondoka, na taa ya kijani itamwambia amefanya vema. Akachukua dodoki lenye sabuni kwenye sinki, akalikamua mpaka likatoa povu zito, akalipaka kwenye mpira wa gesi pale unapoungana na mtungi.

Povu lilikaa kidogo. Kisha likaanza kufura. Kiputo kikavimba, kikapasuka, kingine kikatoka palepale, na vingine nyuma yake, vinachemka kama uji.

Wifi aliinama akatazama. Hapo hapakuhitaji pua, wala hapakuhitaji kumwamini mtu. Sumaku akafunga koki, na povu likatulia. Wifi akakirudisha kiberiti mezani kwa vidole viwili, akambana mtoto kifuani, akatoka nje haraka bila kuvaa hata ndala.

Sumaku alibaki ndani kidogo akiachilia upepo upite, kisha akamfuata, akakaa karibu naye kwenye kizingiti. Akamwambia yote. Habari za mzani, habari za muagizaji, habari za meneja na nyota zake. Akaomba msamaha, machozi yanamtoka waziwazi. Alitegemea matusi, na angeyapokea. Angeshukuru hata kofi. Lakini wifi hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anampapasa mtoto kichwani, shingoni, tumboni, anamgeuza huku na huku.

"Jana mchana alitapika," akasema mwishowe. "Mara mbili. Na mimi kichwa kilikuwa kinazunguka. Nikawaza, isije ikawa gesi. Nikaenda kuangalia taa."

Sumaku aliacha kulia.

"Ilikuwa ya kijani," wifi akasema. "Nikajiambia ni upepo tu huu, utamtia mtoto kifua. Nikafunga dirisha."