Nani Anauliza Habari za Damu

Ofisini walimwita Bi Shaka, naye hakununa. Mwanamke yule, nakwambia, ukimwambia jua limetoka anakwenda dirishani kwanza. Alikuwa mtu wa takwimu katika ofisi ya afya ya wilaya, na takwimu, alipenda kusema, ni kama wageni: usimkaribishe yeyote ndani kabla hujamuuliza katoka wapi.

Basi ukaja mtindo mpya. Taarifa za zahanati zilikuwa zikifika baada ya wiki sita, mgonjwa keshapona au keshazikwa. Wakaamua watazame watu wa mji wanauliza nini kwenye intaneti, maana siku hizi mtu akiumwa hamtafuti daktari, anaitafuta simu. Majina hayaonekani. Kinachoonekana ni mstari tu kwenye kompyuta, unaopanda na kushuka kadiri neno linavyotafutwa. Ni kazi nzuri, sitaki kuidharau.

Mwezi wa tatu wa mtindo huo, mstari mmoja ukaanza kunyanyuka: "mkojo wenye damu". Wiki ya kwanza kidogo tu, ya pili zaidi, na kufikia ya tano ulikuwa umesimama kama ngazi ukutani.

"Kichocho hicho," alisema Bwana Afya, ofisa mwenye sauti kubwa na mipango mikubwa kuliko sauti. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Gari la vipimo liende kule mferejini wanakooga watoto, tupime watoto wa shule, tugawe vidonge."

"Zahanati zinasemaje?" akauliza Bi Shaka.

"Hazijasema kitu."

"Sasa nani anatoka damu?"

"Watu, Bi Shaka! Watu wanaona haya kwenda kusema!"

Gari la vipimo lilikuwa moja kwa wilaya nzima. Likienda mferejini, linaondoka milimani, ambako watoto walikuwa wanaharisha kweli, si kwenye mstari. Mkuu wa ofisi akasema halitoki bila sahihi ya mtu wa takwimu, akampa Bi Shaka siku saba. Swali likabaki moja: kuna mtu anatoka damu kweli, au kuna mtu anatudanganya?

Jioni ile alimsimulia baba yake. Mzee alikuwa fundi cherehani aliyestaafu, mjane, kahamia kwa binti yake mwaka juzi na cherehani yake, akaiweka chini ya dirisha la sebuleni na kukataa katakata isisogezwe.

"Kwa hiyo siku hizi mnachungulia watu wanauliza nini," mzee alisema bila kuinua macho kwenye mshono.

"Hatuoni majina, Baba."

"Mtu ananong'ona peke yake chumbani kwake, mwingine anakaa nje anahesabu minong'ono. Hiyo si afya. Huo ni umbeya wenye mshahara."

Bi Shaka alicheka mpaka chai ikampalia. Ulimi wa baba yake aliuzoea tangu utotoni.

Siku ya pili akagundua aibu ya kwanza. Kila asubuhi wafanyakazi wote wanane, kuanzia mkuu mpaka karani wa masjala, walikuwa wakifungua mashine zao na kuandika maneno yaleyale, "mkojo wenye damu", waone wananchi wanapata majibu gani. Mji wenyewe mdogo, wanaouliza jambo kama hilo wachache. Watu wanane wakibofya kila siku wanatosha kuunyanyua mstari. Walikuwa wakijitia kipimajoto wenyewe na kutangaza mji una homa! Bi Shaka akawaita wote chumba cha mikutano, akawaapisha: siku nne, hakuna mtu kuandika neno hilo, hata kwa mzaha. Mstari ukaporomoka. Bwana Afya akanuna.

Lakini haukufika chini kabisa, na hapo ndipo akili ya Bi Shaka ilipowaka. Mashine na simu zote za ofisi zilitumia akaunti moja, kwa uvivu wa miaka mingi, na akaunti ile huweka kumbukumbu ya kila kilichotafutwa. Siku ya nne ya marufuku akaifungua, hasira tayari mkononi. Kumbe! Siku ya kwanza neno lile limeandikwa mara tatu. Ya pili, mara tano. Saa tano asubuhi, saa nane mchana, muda wa kazi kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea, na hakungoja kusoma zaidi.

Alikwenda moja kwa moja mezani kwa Bwana Afya, mbele za watu.

"Niliomba siku nne tu. Umeshindwa? Unaulisha mstari ili gari liende?"

"Mimi?"

"Nani mwingine anayelitaka hilo gari?"

Bwana Afya akatoa simu yake, akaifungua, akamsukumia. "Kagua. Ukimaliza kagua na mifuko." Akasukuma kiti nyuma, akasimama. "Miaka tisa tuko ofisi moja, dada yangu. Miaka tisa!"

Simu ilikuwa safi. Bi Shaka aliirudisha bila neno la samahani, na mimi hapo simtetei. Alirudi kwenye mashine yake huku ofisi nzima ikimtazama mgongo.

Safari hii hakusoma saa tu, alisoma na maneno. Mtu anayedanganya huandika neno lilelile, lakini huyu alikuwa akisogea hatua kwa hatua. "Mkojo wenye damu bila maumivu." "Mkojo wenye damu mzee miaka sabini na moja." "Damu mkojo saratani ya kibofu." "Kipimo cha kibofu kinauma kiasi gani." Na kila jioni, robo saa kabla ya yeye Bi Shaka kufika nyumbani, swali jingine: "Namna ya kumwambia binti mkali habari mbaya."

Pembeni, kwa herufi ndogo, kiliandikwa kifaa kilichotumika. Ilikuwa simu ya zamani ya kitengo cha takwimu, aliyokuwa akiitumia yeye mwenyewe. Ofisi ilipompa mpya, ile ya zamani alimpa mzee asomee magazeti, na hakuna aliyekumbuka kuiondoa kwenye akaunti.

Tangu lini Baba anafua suruali zake mwenyewe? Alikuwa ameliona hilo, akadhani dada wa kazi amemkosea mzee adabu, akamhoji maskini ya Mungu mpaka akalia. Maji ya chooni yakimwagwa mara tatu, mara nne, alishuku bomba, akaita fundi. Alishuku kila kitu ndani ya nyumba ile isipokuwa ugonjwa.

Alipita tena kwa Bwana Afya. "Nisamehe, kaka yangu. Nimekukosea."

"Umempata mwongo wako?"

"Nimempata. Si mwongo." Akachukua mkoba, akatoka.

Alifika nyumbani saa nane na nusu, jua kali. Mzee alikuwa kwenye cherehani.

"Mbona mapema? Umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa."

"Basi unanitazama hivyo kwa nini?"

Njia nzima alikuwa amepanga hila: ajifanye hajui, aseme twende tukapime afya sote wawili. Lakini alipouona mgongo ule ulivyokonda ndani ya shati, hila zote zikamkimbia. Akakaa sakafuni, karibu na miguu ya mzee.

"Baba, mimi ni mkali?"

Mguu ukasimama juu ya pedali. Mzee aliitazama simu iliyolala kando ya mkasi, akamtazama binti yake. Alikuwa mzee, hakuwa mjinga.

"Mmesoma," akasema.

"Nimesoma mimi, peke yangu. Nisamehe, Baba."

Alingoja matusi, na angeyapokea yote. Mzee akavua miwani tu, akaifuta kwa kipande cha kitambaa.

"Nilipata majibu mengi," akasema. "Wanasema mkae mahali patulivu, uanzie mbali, usimshtue. Kila jioni najiandaa. Kisha unaingia, unauliza nani kahamisha kiti, nani kaacha taa inawaka."

Bi Shaka alikuwa analia, kamasi na machozi, kama mtoto. "Niambie sasa. Anzia mbali, kama walivyosema."

"Nimechoka kuanzia mbali. Nakojoa damu, mwanangu. Mwezi wa nane huu."

Miezi minane! Kule ofisini mstari ulikuwa na wiki tano tu.

"Na kabla ya hapo, Baba? Ulikuwa unamuuliza nani?"

"Simu si umenipa juzijuzi tu?" mzee akasema. "Kabla ya hapo nilikuwa nangoja wewe uniulize."