Shikamoo Zilizoganda

Usiku wa jana niliota niko semina, Ujerumani, miguu peku, kifuani nimebandikwa karatasi: MSHIRIKI NAMBA TISA. Mimi elimu yangu darasa la saba, lakini la zamani lile, kwa hiyo tisa niliisoma mwenyewe bila kusaidiwa.

Nilijua palepale nimefuata nini. Mjukuu wangu Sikudhani yuko fildi huko, anajifunza kazi, huu mwezi wake wa saba, kwenye kampuni inayotengeneza lifti. Siku za mwanzo alikuwa akipiga simu anaanza na shikamoo ndefu mpaka kuku wanageuka. Siku hizi anaanza na haloo. Nami naitikia haloo, halafu nakaa na simu mkononi mpaka chai inafanya utando.

Sikudhani alikuwa kiti cha mbele. Nilimtambua kisogo. Nikamwita, "Mke mwenzangu!" Hakusikia. Kwenye semina ile aliyekaa mbele hageuki mpaka mapumziko.

Mwalimu ni pande la barafu. Limekaa kwenye kiti, limevaa tai, linachuruzika.

"Mila za watu ni kama mimi," linasema. "Mnachokiona hapa juu ni kidogo. Sehemu kubwa iko chini, haionekani."

"Kwetu ungeshakatwa vipande ukatiwa kwenye juisi ya ukwaju," nikasema, "na hakuna ambaye angeuliza chini kuna nini."

Likaandika kwenye daftari: namba tisa ana maneno.

Kisha likaeleza kosa la Sikudhani. Siku ya kwanza kazini alisalimia ofisi nzima. Watu sitini na wawili, meza kwa meza, mkono kwa mkono: za nyumbani, watoto hawajambo, na hii baridi mnaionaje. Alipofika meza ya mwisho, wa meza ya kwanza walikuwa wanatoka kwenda kula mchana.

"Alilelewa na nani?" likauliza pande la barafu.

"Na mtu mmoja hivi," nikasema.

Kanuni ya kwanza: baina yako na mwenzako, acha nafasi ya mkono mmoja. Tukagawiwa mikono, ya mbao, kila mtu wake. Nikaurudisha wangu.

"Huu wa kushoto. Siwezi kumnyooshea mtu."

"Hiyo nayo ni mila?"

"Hiyo ni choo."

Likaandika tena.

Kanuni ya pili: salamu isizidi sekunde tatu. Saa ikashuka yenyewe ukutani, ikasimama mezani, ikajisafisha koo. "Mtihani," ikasema.

Mlango unafunguka. Anaingia mkubwa wao wa kazi, Bwana Reinhold, mzee mwenye mvi hadi kwenye nyusi. Sikudhani anasimama. Naona magoti yake yanataka kukunjika. Naiona shikamoo inapanda kooni, mviringo, kama yai. Imefika kidevuni. Anaimeza.

"Hai," anasema.

"Sekunde moja na nusu!" ikasema saa. "Safi kabisa!"

Darasa likapiga makofi. Bwana Reinhold akapita taratibu, uso kama wa mtu aliyekuwa anangoja kitu, akasahau ni kitu gani.

"Ile aliyoimeza inakwenda wapi?" nikauliza.

"Chini," likasema pande la barafu. "Kwenye ile sehemu yangu isiyoonekana. Ziko mia na kitu. Lakini mimi nayeyuka, mama. Ikifika saa kumi zote zitakuwa zimekwenda na maji, na binti atakuwa amefuzu. Hatazikumbuka tena."

"Na sasa saa ngapi?"

"Kumi kasoro robo," ikasema saa, bila huruma.

Nikatoka. Semina haina ruhusa ya kutoka, lakini aliyezuiwa ni namba tisa, nami nilikuwa nimekwisha bandua karatasi nikaibandika kwenye kiti. Kiti kikazuiwa.

Nikaingia kwenye lifti.

"Ghorofa gani?" ikauliza.

"Ya chini kabisa."

"Unamfuata nani?"

"Mjukuu wangu."

"Sikudhani?" Lifti ikapunguza mwendo. "Yule ndiye anayenitia mafuta. Tukibaki wawili tu humu ndani, huwa anasema shikamoo. Mimi sijui kinachojibiwa, kwa hiyo namfungulia mlango."

Nilipapasa ukuta wake kidogo.

Mlango ukafunguka Maneromango, uani kwangu. Ila ua wote ni barafu, mpaka kwenye mafiga, na ndani ya barafu wamo wageni wangu: shikamoo, kila moja kama korosho, kila moja imepiga goti. Maji yananifika vifundoni.

"Pangeni mstari," nikasema. Zikapanga. Zina malezi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ya nani?"

"Ya mama anayefagia ghorofa ya nne. Alikuwa analia siku ile."

"Marahaba tena."

"Shikamoo. Mimi ya kizee aliyekosa treni."

"Marahaba, pole na baridi."

Kila ninayoiitikia inainuka, inakuwa mvuke, inapenya kwenye dari na kurudi juu kwa Sikudhani. Naitikia mbilimbili. Naitikia kumikumi kama mtu anayepura mpunga. Ya Bwana Reinhold ilikuwa bado ya moto. Maji magotini. Sauti inakatika. Huko juu nasikia saa inahesabu.

Ikabaki moja, pembeni, ndogo, haijapiga goti.

"Na wewe je?"

"Mimi sijasemwa bado," ikasema. "Ananifanyia mazoezi bafuni, mbele ya kioo. Mimi ni ya siku atakayobisha mlangoni kwako."

Nikafungua mdomo niiitikie. Nikaufunga.

"Huniitikii?"

"Sikuitikii. Nikikuitikia leo, siku hiyo atakuja na nini?"

Nikaiokota kwenye maji, nikaifunga kwenye ncha ya khanga. Fundo la kwanza. La pili, nikalikaza kwa meno. Huko juu saa ikagonga kumi.

Nikaamshwa na mwanangu Zena, mama yake Sikudhani.

"Mama, shikamoo. Kumekucha."

Nikaitikia. Sauti ilitoka kama ya jogoo mgonjwa.

"Na hili fundo? Umefungia hela?"

"Siyo hela."

"Nini basi?"

"Kitu cha mwanao. Acha."

Hakuacha. Zena ni mbishi, amefuata upande wa baba yake. Akalishika, akauvuta mkono haraka, akajipuliza vidole.

"Mama! Mbona la baridi hivi?"

Kijijini kwetu mwenye friji alihamia Mlandizi mwaka juzi, na friji yake.

Nikamwambia akanipikie uji. Alipoondoka nikasogeza kigoda mpaka nyuma ya mtungi, penye ubaridi, mbali na jiko, nikakaa na fundo langu kivulini. Ndipo nilipo mpaka sasa.