Mbavu za Kuhesabika

1.
"Mwili wa Bwana Yesu naujua kuliko padre!" Bibi Osmunda alikuwa akijigamba kila Jumamosi, kitambaa cha vumbi mkononi. "Kuanzia vidole mpaka magoti. Juu ya hapo mkono haufiki."

2.
TANGAZO
Yesu wetu wa zamani ameliwa na mchwa. Fundi Hyasinti anachonga mpya. Ndugu Ewald ndiye atakayesimama achongwe, kwa sababu ya wembamba wake. Ujira: gunia la mahindi, Ijumaa Kuu. Waumini mnakatazwa KABISA kumlisha. Mbavu zikizama, nafasi yake na gunia atapewa Gaudensi, mwana wa Osmunda.
Kamati ya Sanamu

3.
Mbavu za kushoto, kama zilivyohesabiwa na wanakwaya kutoka benchi la mbele:
wiki ya kwanza: nane
ya pili: nane
ya tatu: sita
ya nne:

Fundi akatupa patasi.

4.
Usiulize, msomaji, kama Ewald alikuwa na watu wake. Alikuwa na mke na watoto wanne, wote na mbavu kama zake. Hizo hakuna aliyetaka kuzichonga.

5.
Jina lake lilikwisha kusahaulika.
"Mwili wa Kristo, sogea kwenye mwanga!"
"Mwili wa Kristo, acha kukohoa, unanitikisia mbavu!"
"We Mwili wa Kristo, umevimba tumbo au nimelewa?"
Yeye, kwa kila mmoja:

Naam.

6.
Kila asubuhi, nyuma ya sakristia, Osmunda alifunua bakuli chini ya kanga.
"Kula, mwanangu."
"Na tangazo, Bibi?"
"Tangazo ni la kamati. Njaa ni yako."
Akala huku machozi yanamtoka. Akambusu mkono. Osmunda akamtazama ubavuni kama mtu anayetazama mtama unavyoiva, akamwongezea ugali. Kumnyima mtu chakula hata mjinga anaweza. Kumshibisha mpaka aanguke, hapo anatakiwa mpishi.

7.
Jumapili ya Matawi. Foleni ya komunyo. Padre akainua hostia.
"Mwili wa Kristo."
"Naam, Padre," akaitika Ewald.
Kanisa zima likaangua kicheko, mpaka mpiga kinanda akakosea funguo. Padre hakucheka. Alikuwa ameinamia kile kinywa kilichoachwa wazi.
"Umekula dagaa."

8.
Osmunda alisimama kabla hajaulizwa na mtu.
"Yuda yumo humu ndani! Mimi sufuria langu halijanusa dagaa tangu Jumatano ya Majivu, Mungu ananiona!"
Ewald akageuka. Alimhurumia bibi wa watu. Hakutaka asingiziwe.
"Kweli, Padre, si yeye. Dagaa wa Bibi siku zote huwa na karanga. Wa leo nimepewa na mtu mwingine, hawakuwa nazo."

"Siku zote?" akauliza Fundi Hyasinti.