Saini Sita za Jumatano

Mimi mdomo wangu hauna breki, kituo kizima kinajua. Kwa hiyo wiki ile nilipokaa kimya, watu walidhani naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa naona haya.

Kila Jumatano saa kumi alasiri, sisi wa ambulensi tulitakiwa kukaa mbele ya televisheni ya kituo kusikiliza mafunzo. Yalirushwa moja kwa moja kwa vituo vyote na hospitali zote: namna ya kujiandaa na silaha za maangamizi, gesi za sumu, mabomu ya mionzi, mambo ya kutisha hayo. Mkufunzi alikuwa daktari mstaafu wa jeshi, mzee ambaye miwani yake ilikuwa haikai puani. Chini ya picha ilipita namba ya simu ya kuuliza maswali. Hatukuipiga hata siku moja. Nani ataharibu bomu lake kwa ajili yetu sisi, nilikuwa nasema, wakati barabara zenyewe zinatumaliza?

Mzee alikuwa na wimbo wake mmoja. "Kikulacho ki nguoni mwako, wanangu. Vua, osha, ndipo upakie." Yaani aliyemwagikiwa sumu avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi, ndipo apandishwe garini, na asiyevaa kinga asimguse. Mimi nilimwigiza hadi nikamshinda mwenyewe. Nashusha miwani ya jua puani, nakohoa kidogo, "Kikulacho, wanangu," na chumba kizima hatuna mbavu.

Dereva wangu hakuwahi kucheka, kwa sababu hakuwahi kuwepo. Tulimwita Taratibu, maana hakuna siku aliyoendesha taratibu. Mama yangu amepooza upande mmoja, na Jumatano saa kumi na moja ndipo anapomaliza mazoezi ya mguu kliniki. Mimi ni kiongozi wa zamu, nikitoka, nitaonekana.

"Nenda kamchukue mama," nilimwambia. "Karatasi ya mahudhurio nitakusainia."

Mara ya kwanza alisita. "Dada, si ni mafunzo haya?"

"Kwani wewe unakwenda vitani?"

Basi akaenda. Nikamsainia mara sita. Saini yake naijua vizuri, ina mkia mrefu kama wa panya.

Ijumaa moja tukaitwa kwenye ghala la dawa za kuulia wadudu wa mashambani. Pipa lilikuwa limepasuka, na mpakizi mmoja alikuwa kalala mlangoni, kalowa kuanzia kifuani, povu linamtoka. Mimi nilikuwa na redio, naongea na hospitali, glavu mikononi, barakoa usoni. Nikapaza sauti, "Mbebe, twende." Taratibu akamtia begani kama alivyozoea kubeba wagonjwa wote, na shati lake likalowa palepale.

Ule wimbo haukunijia kabisa. Wimbo niliouimba kila wiki. Ulinijia tulipofika hospitali, Taratibu alipofungua mlango, akashuka, na miguu ikamkatalia.

Mpakizi aliamka siku ya pili. Taratibu alibaki wodini, mikono inatetemeka, kijiko hakifiki mdomoni. Daktari alisema huenda ikatulia, huenda isitulie.

Jumanne wakaja wachunguzi wawili na karatasi za mahudhurio. Nilisimama kando ya kitanda kama kiongozi wake. Walikuwa na swali moja tu. Kama alifunzwa, kosa ni lake na kazi hana. Kama hakufunzwa, kosa ni la aliyemtuma.

"Saini hizi sita ni zako?"

Aliziangalia. Halafu akaniangalia mimi. Alinipa muda wa kutosha, siwezi kusema hakunipa.

"Ni zangu," akasema. "Nilisahau tu."

Na mimi, mwenye mdomo, nikaangalia viatu vyangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Walipoondoka nikamwambia apumzike, nikatoka pale kama mwizi wa kuku.

Kesho yake, saa kumi, tukakaa mbele ya televisheni. Saa kumi na moja ilipopita, mwisho wa somo, mkufunzi akasukuma miwani. "Leo nina mfano wa kweli. Dereva, kafunzwa mara sita, akambeba mtu mwenye sumu begani. Huu ni nini kama si kiburi?"

Mtu wa kituo kingine akapiga simu, sauti ikasikika nchi nzima. "Sikio la kufa halisikii dawa, mzee."

Wenzangu hawakucheka. Wote walijua kiti cha Taratibu kilikuwa kitupu kila Jumatano. Hakuna aliyegeuka kunitazama, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Walikuwa wananisubiri.

Nikachukua simu, nikapiga ile namba.

"Dereva huyo hakufunzwa hata mara moja," nikasema. "Saini zile niliziweka mimi. Nilikuwa namtuma kwa shughuli zangu. Na siku ile aliyemwambia abebe ni mimi."

Nikaisikia sauti yangu kwenye televisheni, ikichelewa kidogo nyuma yangu.

"Wewe ulikuwepo kwenye somo hilo?" mzee akauliza.

"Nilikuwepo."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa nakuigiza, mzee."

Akavua miwani, akaishika mkononi. Nikakata simu, nikatoka nje, nikasimama kando ya ambulensi isiyo na dereva.

Haikupita muda simu ikalia. Nesi wa wodini. "Mgonjwa anataka kuongea na wewe. Ngoja nimshikie simu sikioni."

Nikajiandaa kutukanwa. Kusema kweli nilitaka anitukane, anivue nguo kabisa, labda ningelala usiku huo.

"Dada," Taratibu akasema. "Tulikuwa tunaangalia huku."

"Nisamehe."



"Sasa hivi ni saa kumi na moja na nusu," akasema. "Mama kachukuliwa na nani?"

Hakuna aliyemchukua. Sikuwa hata nimemkumbuka.