Hatua Mia na Sitini Kutoka Mlangoni

Mimi nasuka vikapu, kwa hiyo mtu asinifundishe habari za mizunguko. Kikapu unakianza kitovuni, unazungusha, na kila mzunguko una unene ule ule wa uliotangulia. Nyayo zile hazikuwa za kikapu. Ndiyo maana zilinitisha.

Zilitokea mwaka uliofuata vita vya Mjerumani, shambani kwetu Buteba, hatua mia na sitini kutoka mlangoni. Mtu mmoja, peku, na mguu wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Kidole hicho kililiwa na funza, na mguu nilikuwa nauosha mimi. Ulikuwa wa marehemu mume wangu, Okanya. Yeye na mdogo wake Emojong walichukuliwa pamoja kubeba mizigo ya jeshi. Emojong alirudi peke yake, akasema amemzika kaka yake kwa mikono yake mwenyewe. Nikamwamini. Akanirithi, nikamzalia Akol.

Mwenye nyayo hakuna aliyemwona. Kila siku ziliongezeka kama tisini, hatua fupi za mtu aliyechoka, zikiizunguka nyumba. Ukisimama kwenye unyayo wowote, mlango uko pale pale, mbele kidogo ya bega la kushoto. Hakuutazama, wala hakuupa mgongo.

Siku ya nane alimaliza mzunguko, akawa hatua themanini kutoka mlangoni. Baada ya siku nne, arobaini. Baada ya mbili, ishirini.

Nikamwita Ojulong, katekista aliyefundisha hesabu kanisani. Alipima kwa kamba, akacheka, akaokota gamba la konokono akanionyesha linavyojikunja. Angekuja kwa mizunguko ya kikapu, alisema, angekwisha kufika. Huyu kila akizunguka anakata nusu, na nusu ya kitu haiwi sifuri hata siku moja.

"Atazunguka mpaka dunia iishe, mama. Hafiki."

Akala kuku wangu, akaenda zake. Nilifurahi kama mjinga, mpaka nilipokaa kusuka na kuanza kuhesabu siku. Nane, nne, mbili. Mwendo wake haukubadilika. Njia ndiyo ilikuwa inafupika. Mzunguko ujao ungechukua siku moja, unaofuata nusu siku, kisha robo, na yote hiyo, hata iwe mingapi, ingeingia ndani ya siku mbili. Mizunguko haiishi, lakini njia inaisha. Mwalimu mzima na kamba yake hakuliona hilo.

Nikamwambia Emojong tufunge mizigo, tuvuke mpaka twende kwa shangazi yangu upande wa Kenya. Nilikuwa nampenda, sifichi. Hakuinuka kigodani. Alipanguza uso, akasema mambo ambayo hakuyasema siku zote alizolala kwangu: Okanya alishikwa na kuhara njiani, akashindwa kusimama, na msafara haukungoja.

"Hakuwa amekufa, mama Akol. Aliniomba nimbebe. Nilikuwa na mzigo wa unga kichwani, nikauchagua unga."

Nilisimama na mtoto mgongoni. Ningeweza kumvuta mkono. Nilichukua kikapu changu, nikamwambia Emojong abaki, kisha nikaenda kwa jirani yangu Alupo.

Siku mbili zilipotimia, jua likiwa utosini, nilirudi. Kigoda kilikuwa mlangoni, kitupu. Uani nyayo za Okanya zilikuwa zimejikunja ndani ya nyingine, ndogo mpaka macho yangu yakashindwa. Na kutoka hapo zilitoka nyayo nyingine, zikizunguka kwenda nje. Zilikuwa za mtu mmoja tu. Vidole vyote kumi vilikuwepo, vya Emojong, nami navijua.

Siku moja mzunguko wa kwanza, siku mbili wa pili, nne wa tatu. Mwaka huu, miaka karibu sita baadaye, wachungaji wameziona karibu na Tororo. Mzunguko unaofuata utakula miaka mingine kama hiyo, na huko nje siku hazijumlishiki zikaisha. Akol ananiuliza baba yake atafika lini. Ninamwambia sijui, nami ninajua.

Nilikwenda kuziangalia mwenyewe. Ardhi ilikuwa kavu, ngumu, ng'ombe hawakuacha hata alama. Nyayo za Emojong zilikuwa zimezama mpaka kwenye kifundo, kama za mtu aliyebeba mtu.